Kuna Kiti Kitupu Kangemi

Kijana mmoja wa kinyozi, pale karibu na soko la Kangemi, aliniletea daftari lake mwezi wa pili. Ni lile daftari la kurasa 96 lenye jalada laini ambalo kila duka linauza, nalo lilikuwa limejikunja katikati kwa kukaliwa katika mfuko wa nyuma wa suruali. Aliniita Mwalimu. Mtaani wengi huniita hivyo ingawa sijawahi kushika chaki. Nimekula kwa kusoma prufu, kazi ya kuwinda nukta iliyopotea na herufi iliyorukwa kabla kitabu hakijaenda kupigwa chapa.

"Mwalimu, nisomee hii. Lakini usinicheke."

Nilimwambia asome yeye, kwa sauti, hapo hapo kwenye benchi la kibanda cha chai kinachotazamana na kinyozi. Akaangaza macho huku na huku kuona kama kuna mteja wake karibu, kisha akaanza. Jua likachomoza kwa madaha kutoka mashariki. Ndege wakatumbuiza matawini. Umande ukameremeta mithili ya lulu. Mhusika wake akaamka, akapiga moyo konde, akachapa miguu kama ngiri kuelekea kazini.

Alipofika mwisho wa ukurasa nikamuuliza, "Wewe leo umeamshwa na nini?"

Akacheka kidogo. "Mama wa mandazi. Yeye ako chumba cha kwanza, sisi cha nne. Saa kumi anaanza kupiga unga kwa meza, na ukuta ni mabati, sasa hiyo meza ni kama iko kwa kichwa yangu. Akimaliza anaimba. Kabla aimbe mimi sitoki kwa kitanda, juu akiimba najua mafuta imepata moto, ni karibu saa kumi na moja."

"Hayo yako wapi katika daftari?"

Hayakuwamo.

Simlaumu hata kidogo. Watoto wengi waliopitia KCPE, mtihani uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, walifunzwa insha kwa kuhifadhi mapambo. Ulikuwa na orodha yako ya methali na tashbihi nyuma ya daftari, ukizipachika moja moja kama shanga, na alama zikaja. Ngiri halisi wako katika mbuga ya Nairobi, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji, lakini sisi wa Nairobi tumewaona katika insha mara nyingi kuliko mbugani. Mtoto aliyelelewa hivyo akikua, akashikwa na hamu ya kuandika, mkono unarudi kwenye orodha ile ile. Mama wa mandazi anabaki nje ya mlango wa hadithi, unga mikononi, akingoja kuitwa.

Ndugu msomaji, nakuandikia kuhusu huo mlango. Nimeshika kalamu nyekundu kwa miaka zaidi ya ishirini na nimeona vitabu vya namna ya kuandika vikichapwa, vikinunuliwa, vikitiwa vumbi. Sijaona chochote kinachomfaa mwandishi anayeanza kuliko mtu mmoja wa kumsikiliza akisoma na kumuuliza swali moja la kweli. Kwa hiyo wito wangu una ncha mbili. Wewe uliye na daftari, tafuta masikio mawili. Na wewe usiye na daftari wala nia ya kuwa nalo, toa masikio yako. Nairobi ina watu wengi wanaoandika kwa siri, na wachache mno wanaojua kukaa kimya na kusikiliza ukurasa mzima.

Jambo hili ni la zamani hapa kwetu. Grace Ogot, ambaye alikuwa muuguzi kabla hatujamjua kama mwandishi, aliwahi kupeleka hadithi zake East African Literature Bureau, ofisi ya serikali ya kikoloni iliyoanzishwa mwaka 1948, makao yake hapa Nairobi. Alivyosimulia mwenyewe baadaye, walioketi pale walishangaa mwanamke Mkristo anawezaje kuandika mambo ya kafara na dawa za jadi badala ya wokovu. Mtu wa kwanza kusikia hadithi alisikia dhambi tu. Ogot angeweza kurudi nyumbani akaandika alichotakiwa kuandika; hakufanya hivyo. Hadithi moja katika zile alizopeleka ilikuja kuchapishwa katika jarida la Black Orpheus, na mwaka 1966 riwaya yake The Promised Land ikatoka. Kila nikimfikiria najiuliza ni wangapi waliofika ofisi kama ile, wakaulizwa swali kama lile, na hawakutoka na chochote isipokuwa aibu.

Sasa mweke kando yake Marjorie Oludhe Macgoye. Aliwasili kutoka Uingereza mwaka 1954, muuza vitabu wa misheni, akaolewa na kuzama katika ukoo wa Kijaluo hadi hatukumwita mgeni tena. Miaka ya sabini alisimamia duka la vitabu la S. J. Moore katikati ya jiji, kwenye barabara tunayoiita leo Moi Avenue. Duka la vitabu lina kazi yake: kuuza, kuhesabu, kufunga. Yeye aliligeuza pia kuwa mahali pa watu kusomeana kazi zao. Alipoandika Coming to Birth, iliyotoka mwaka 1986, juu ya msichana anayeshuka Nairobi katikati ya Hali ya Hatari, alikuwa amekwisha kutumia miaka akisikiliza ya wengine. Mimi huamini mambo hayo mawili yanahusiana. Anayesikiliza kurasa za wenzake hujua mapema zaidi zake zinapolegea.

Na walio hai wengi wanakumbuka jarida la Kwani?. Lilianza kwa mazungumzo ya marafiki wachache waliokuwa wakikutana nyumbani kwa wenzao hapa Nairobi na kulalamika, kama tunavyolalamika wote, kwamba hakuna pa kuchapisha. Mmoja wao, Binyavanga Wainaina, akashinda Tuzo ya Caine mwaka 2002. Mwaka uliofuata toleo la kwanza la jarida likatoka, ndani yake hadithi ndefu ya Yvonne Adhiambo Owuor, na hadithi hiyo hiyo ikatwaa Tuzo ya Caine mwaka huo wa 2003. Toleo la kwanza! Watu husimulia habari hii kama muujiza. Mimi naiona kama hesabu ya kawaida: watu waliokuwa wakisomana kwa ukali na upendo kwa muda mrefu, kisha mlango ukafunguka wakiwa tayari wamesimama hapo. Makena Onjerika, aliyeipata tuzo hiyo mwaka 2018 kwa hadithi ya wasichana wa mitaa ya Nairobi, naye amekuwa akiwafundisha wanaoanza kuandika hapa jijini.

Kuna mfano mmoja ambao sitautumia jinsi unavyotumiwa. Mmeusikia: Abdilatif Abdalla aliandika mashairi ya Sauti ya Dhiki juu ya karatasi za chooni akiwa kifungoni kati ya 1969 na 1972, Ngũgĩ wa Thiong'o akafanya vivyo hivyo kwa riwaya yake ya Kikuyu katika jela ya Kamiti mwaka 1978. Ni kweli tupu, na ni ushujaa. Lakini nimechoka kusikia vijana wakichapwa nao: wale waliandika jela, wewe una nini? Ana zamu ya saa kumi na mbili. Ana chumba kimoja watu watano. Ana umeme wa tokeni unaokatika katikati ya sentensi. Anayeandika katika hali hiyo hahitaji kuaibishwa kwa majina ya mashujaa. Mpe nusu saa na kikombe cha chai.

Tangu siku ile ya mwezi wa pili tumekuwa tukikutana kila Jumatatu kwenye kibanda hicho, kuanzia saa tisa. Jumatatu kwa sababu kinyozi hakina wateja. Saa tisa kwa sababu mwenzetu wa tatu, mzee mmoja, ni soja wa usiku kwenye lango moja Loresho na lazima awe ameripoti kabla ya saa kumi na mbili. Mzee huyu anaandika mashairi ya bahari, ya vina na mizani, na amewahi kuyaona machache katika ukurasa wa mashairi wa Taifa Leo, pale washairi wanapojibizana kwa lakabu kana kwamba wako baraza moja. Nilimwona siku moja akitunga. Hakushika kalamu. Alikuwa akigusa vidole kwa kidole gumba, kidole baada ya kidole, silabi nane, anavuta pumzi, silabi nane nyingine, anatikisa kichwa, anaanza upya. Ndivyo anavyokesha, anasema. Gari likija anafungua lango, anapiga saluti, na ubeti unamngoja pale alipouacha.

Yeye ndiye aliyemfundisha yule kijana kusoma polepole. Kijana alikuwa akisoma kama anayekimbizwa na askari wa kanju. "Mwanangu," mzee akamwambia, "hapa hakuna anayekufukuza. Ukikimbia, na sisi tunadhani kuna cha kukimbiwa."

Na mimi walinifundisha jambo. Kijana alipoiandika upya asubuhi yake, aliandika kama alivyosema: "kabla aimbe mimi sitoki". Mkono wangu wa prufu uliwasha. Kabla hajaimba, ulitaka kusema, kabla hajaimba! Nikaukalia huo mkono. Anayezungumza katika hadithi ni mtu wa Kangemi, na Kangemi ndivyo wanavyosema. Msimulizi akitaka Kiswahili cha kitabuni, avae. Mhusika aachwe na kanda mbili zake. Baadaye kabisa, hadithi ikiisha, tutakaa kitako tuamue pamoja kipi kibaki na kipi kinyooshwe. Wengi huvunjika moyo kwa sababu msomaji wao wa kwanza aligeuka kuwa mtahini. Nasema haya nikijua mtahini huyo mara nyingi alikuwa mtu wa kazi yangu.

Mtaniuliza vitabu. Huwezi kuandika bila kusoma, ni kweli, na vitabu ni ghali. Ndiyo maana tuna inama. Ninyi msio wa Nairobi, inama ni duka la vitabu lililotandazwa kwenye gunia kando ya njia, na jina limetokana na linachokufanya ufanye. Teremka mjini siku ambayo askari wa kaunti hawajawafukuza wauzaji, tembea taratibu pembeni mwa Tom Mboya na vichochoro vyake, inama. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, nimeikuta huko mara nyingi, imesomwa hadi jalada limekuwa laini kama kitambaa. Huwa naitazama kwa huzuni kidogo, maana Walibora alifia Nairobi hii hii, Aprili 2020, aligongwa na matatu barabara ya Landhies. Fungua kurasa za nakala kama hizo uone palipopigwa mstari kwa penseli na mtu usiyemjua. Huyo pia ni msomaji anayekwambia kitu.

Juu zaidi, pale mtaa wa Banda karibu na msikiti wa Jamia, kuna maktaba ya McMillan na simba wake wa mawe. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kukaa ndani kusoma. Mwaka 1962 ikakabidhiwa baraza la jiji. Baadaye wakaja wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, ambao kupitia Book Bunk walijitwika kazi ya kuikarabati pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Nikipita hapo huwa nawaza: walioijenga hawakumfikiria soja wa Loresho. Hiyo ni sababu nzuri ya yeye kuingia.

Kuhusu kuchapisha nitasema machache, kwa kuwa wanaoanza hukimbilia huko kabla hawajamaliza hata hadithi moja. Maliza kwanza. Ukishamaliza, wachapishaji si watu wa mbali: East African Educational Publishers, ambao Henry Chakava aliwajenga tangu wakiwa tawi la Heinemann, wako hapa hapa Nairobi, na maonyesho makubwa ya vitabu hufanyika Sarit Centre mwezi wa Septemba, ambapo unaweza kumwona mhariri kwa macho yako na kugundua kwamba ni mtu. Kwa wanaoandika Kiswahili kuna tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo imepokea hata miswada isiyochapishwa. Ukiamua kujichapishia, David Maillu alikufungulia njia zamani. Miaka ya sabini alianzisha Comb Books yake mwenyewe na vijitabu vyake vikasomwa na makarani, madereva na watu ambao maprofesa walidhani hawasomi. Namba ya ISBN unaiomba kwa huduma ya maktaba ya taifa. Pale Bazaar Plaza, Moi Avenue, duka la Nuria limejaa vitabu vya Wakenya waliojigharamia.

Ila kabla hujalipa hata shilingi, omba kuona nakala moja ya mfano. Mimi sikuomba. Mwaka 2009 nilichapisha hadithi zangu fupi, nakala 300, kwa fundi mmoja wa mjini ambaye jina lake nitakwenda nalo kaburini. Nilipofungua boksi la kwanza, kurasa za 33 hadi 48 zilikuwa miguu juu. Kunjo zima la kurasa kumi na sita lilikuwa limeshonwa kichwa chini, katika nakala zote. Mimi, msoma prufu! Fundi akanitazama kwa upole na kuniambia msomaji aliye makini atageuza kitabu. Bado ninazo nakala kama themanini chini ya kitanda. Mgeni akija namgawia, na nimegundua kwamba wote huikumbuka ile hadithi ya katikati.

Sasa wewe usiyeandika. Nilisema wito una ncha mbili na hii ndiyo iliyo nzito.

Barabara ya James Gichuru ukiifuata kutoka Waiyaki Way utaingia Lavington, na kutoka Lavington hadi Kawangware ni mwendo wa miguu. Upande mmoja kuna sebule zenye rafu hadi darini, upande wa pili kuna mabinti wanaoandika kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Siwaombi wenye rafu wagawe vitabu, ingawa wakigawa tutashukuru. Nawaomba waje wasikie. Mwalimu mstaafu wa Kiswahili, uliyeko Uthiru au Kinoo, unayesahihisha watangazaji wa redio peke yako jikoni: una kazi. Mwenye hoteli ambayo meza zake ni tupu kati ya saa tisa na saa kumi na moja: waachie waandishi watano meza moja, watakunywa chai, na mmoja wao siku moja ataitaja hoteli yako katika kitabu. Kasisi, imamu, mchungaji, ukumbi wenu hufungwa Jumanne. Mwenye nyumba, msichana wa chumba cha sita anayewasha taa hadi usiku wa manane huenda hapotezi umeme.

Sheria zetu ni chache na unaweza kuziiba. Anayesoma hasomi zaidi ya kurasa tatu. Wanaosikiliza hawashiki simu. Akimaliza, kila mmoja aseme mahali alipoona kitu kwa macho yake, kisha aulize swali moja. Hakuna anayesema "ni nzuri", kwa sababu neno hilo halimsaidii mtu kwenda ukurasa unaofuata. Na anayesomewa hajitetei. Anaandika maswali pembeni, anakwenda nayo nyumbani. Mengine yote tunayabuni tukiwa njiani.

Mwandishi wetu wa nne alikuwa dada wa duka la M-Pesa. Aliandika hadithi za watu wanaotuma pesa kwenye namba isiyo sahihi, na alikuwa na sikio ambalo mimi sina: aliweza kukwambia ni sentensi ipi ulidanganya. Mwezi uliopita mwajiri wake alimhamishia Kitengela. Anatutumia sauti kwa simu usiku, lakini si sawa na kumwona akikunja uso.

Kijana wa kinyozi amefika ukurasa wa 31. Mama wa mandazi sasa ana jina, ana deni la miezi miwili ya nyumba, na Jumatatu iliyopita aliacha kuimba. Saa kumi na moja ikapita, mhusika amelala, hakuna aliyemwamsha. Kijana akafunga daftari hapo hapo akarudi kwa mteja aliyekuwa ameshaketi na taulo shingoni. Mzee alikasirika hadi akachelewa gari lake la Loresho. Anataka kujua kama wamemfungia mama yule mlango kwa kufuli la mwenye nyumba, na kijana hasemi. Nadhani hajui. Anahitaji mtu mwingine wa kumuuliza, maana sisi wawili ameshatuzoea.

Ni Jumatatu, saa tisa, kibanda kinachotazamana na kinyozi, karibu na soko. Chai ni shilingi ishirini. Kiti cha yule dada kipo, ni kile chenye mguu uliofungwa kwa waya. Kalia upande wa kushoto.